Mutoto Haiko

Kila Jumanne Colette Nahimana alisimama kwenye geti la nyuma la kiwanda kimoja cha Mobeni kinachoshona nguo za kazi, akanunua zile zilizokataliwa: ovaroli yenye mfuko uliopinda, koti lenye zipu ya rangi nyingine, suruali ambayo mguu mmoja umezidi mwenzake kwa upana wa kidole. Siku zilizobaki aliziuza Isipingo, karibu na stendi ya taxi, kwa wachomeleaji, mafundi bomba na walinzi. Alijua mambo mawili ambayo wauzaji wengi wa pale hawakuyajua. La kwanza, kasoro usiifiche. Ionyeshe mwenyewe kabla mteja hajaiona, halafu muulize kama chuma anachokwenda kuchomea kitamtazama mfuko. La pili, mtu akigeuka kuondoka, mwache apige hatua saba. Ukimwita kwenye ya tatu anajua una shida. Kwenye ya kumi ameshafika kwa jirani.

Kwa akili hiyo aliishi Durban tangu mwaka 2006, alipofika kutoka Uvira na mama yake mzazi na mabegi matatu. Kwa akili hiyo alimzika mama yake kwa heshima, na akamlea binti yake bila msaada wa Alain, baba wa mtoto, aliyekwenda Cape Town kutafuta kazi akaipata na mke juu yake. Lakini jambo moja lilikuwa limeishinda akili hiyo. Binti huyo, Grâce, mwenye miaka minane, alichukuliwa na serikali mwezi wa tatu na kuwekwa kwenye nyumba ya watoto. Mahakama ya watoto ingekaa mwezi wa sita. Ama Grâce arudi nyumbani, ama abaki huko miaka miwili, na hiyo miwili ikiisha inaweza kuongezwa mingine.

Ukimsimulia mtu namna mtoto alivyochukuliwa, anadhani unamtania.

Manesi walikwenda shuleni na orodha ya chanjo. Wakasoma majina, kila mtoto akaitika, walipofika kwa Grâce pakawa kimya. Wakarudia. Kimya. Alikuwa amekaa pale pale kiti cha pili, macho kwenye dawati, kama jina ni la mtoto wa nchi nyingine. Mwalimu alipomshika bega kuwaonyesha, akachomoka, akajificha nyuma ya tangi la maji mpaka shule ikafungwa. Wiki tatu baadaye alikuja mkaguzi mwenye faili, ikawa vile vile. Mwalimu akaandika barua. Barua ikafika kwa afisa wa ustawi wa jamii, Mama Ntombela, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu na magoti mabovu, ambaye alikuwa na kesi nyingi kuliko saa za siku. Alichotaka kwa Colette ni mazungumzo tu. Kikombe cha chai, maswali manne, basi.

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi alasiri. Colette alikuwa uani, nyuma ya ile nyumba kuukuu ya Glenwood ambayo vyumba vyake vya mbele wamepanga wanafunzi. Yeye alikuwa na chumba cha uani na kibanda cha kuwekea mali. Sombe, kisamvu cha kwao, ilikuwa motoni, kwenye mbabula ya makaa, maana sombe ya umeme aliiona haina adabu. Akainua kichwa, akaona gari jeupe lenye nembo mlangoni limesimama nje ya geti, na mwanamke mwenye faili anasoma namba ya nyumba.

Baadaye alijaribu mara nyingi kukumbuka alichofikiri. Hakufikiri kitu. Mikono ndiyo iliyofikiri. Iliepua sufuria, ikakwangua masizi ya chini yake, ikachovya kwenye chupa ya mawese, ikampaka Grâce usoni, shingoni, masikioni. Mtoto naye hakuuliza. Alifumba macho ili masizi yasiingie, akakimbilia kibandani, akajilaza chali ndani ya gunia kubwa la mali, mikono kifuani. Colette akamfunika kwa ovaroli kumi na kitu, akavuta kamba. Muda wote huo haukufika ule wa robot, taa ya barabarani, kugeuka kutoka nyekundu kwenda kijani.

Kisha akaenda kufungua geti, mikono ameifuta kwenye kitenge, tabasamu la kibiashara mdomoni.

"Mchana mwema, mama. Natafuta mzazi wa Grâce," akasema Mama Ntombela kwa Kiingereza.

"Hapa mutoto haiko," akajibu Colette. Akakumbuka lugha, akasema kwa Kiingereza: hapa hakuna mtoto. Hana mtoto. Hajawahi kuwa na mtoto.

Nyuma yake, kwenye kamba ya nguo, sare ya shule ilikuwa ikichuruzika maji.

Mama Ntombela aliitazama sare. Akatazama kandambili ndogo mlangoni. Bado angeweza kuondoka na kurudi siku nyingine, lakini vumbi la nyuzi za nguo mpya huingia puani, na kibandani mtu akapiga chafya.

Polisi walikuja. Faili ikaandikwa kama ilivyoonekana: mtoto wa kike, amepatikana ndani ya gunia lililofungwa, chini ya rundo la nguo nzito, siku ya joto, uso umepakwa kitu cheusi chenye mafuta. Mama amekana kuwa na mtoto. Mtoto alipoulizwa jina lake hakujibu. Alipoulizwa kama huyu ni mama yake hakujibu. Alipoulizwa nani amempaka vile alimtazama yule polisi usoni, kwa upole, kama anayesubiri basi.

Wakamweka kwenye gari jeupe. Hakulia. Colette ndiye aliyepiga kelele, kwa lugha tatu, na hilo nalo likaandikwa.

Jumatatu alifanya alilolijua. Alikwenda ofisini kwa Mama Ntombela na ovaroli mbili mpya, zisizo na kasoro hata moja, za kipimo cha mume aliyemkisia kutokana na picha iliyokuwa mezani.

"Hizi za baba nyumbani," akasema. "Si rushwa. Ni shukrani."

"Shukrani ya nini, mama? Nimemchukua mtoto wako."

"Ya kumrudisha."

Mama Ntombela akacheka kidogo bila kupenda, akafungua faili, akaandika. Colette alikuwa amezoea kusoma hati za kiwanda zikiwa upande wa pili wa meza. Akasoma kichwa chini miguu juu: mama amejaribu kumshawishi afisa kwa zawadi. Akazikunja ovaroli zake akaondoka nazo. Alihesabu hatua saba mpaka mlangoni. Hakuna aliyemwita.

*

Ili uelewe ile mikono, inabidi umjue Marie, mama yake Colette.

Marie alizaliwa mwaka 1948, kwenye vilima vya juu ya Uvira, na mama mwenyeji na karani wa barabara wa Kibelgiji ambaye alihamishwa kabla mtoto hajaota meno. Chotara. Wakati ule serikali ya Wabelgiji ilikuwa na utaratibu wake kwa watoto wa aina hiyo: kuwachukua kwa mama zao na kuwapeleka misheni, mbali, walelewe bila ukoo, kwa sababu mtoto mwenye damu ya mzungu hakutakiwa kukua kijijini, na nyumbani kwa mzungu hakutakiwa pia. Gari lilikuja na karatasi yenye majina. Kina mama walijua. Wakilisikia linapanda kilima, waliwapaka watoto masizi na mawese wafanane na wenzao, wakawaficha kwenye makapu makubwa ya mihogo.

Marie alichukuliwa akiwa na miaka minne. Katika maisha yake yote alimweleza Colette mambo matatu tu kuhusu siku hiyo: masizi, kapu, na kwamba yule mtu wa karatasi aliita jina lake kwa sauti nzuri, naye akaitika. "Niliitika mwenyewe," alisema. "Hawakunitafuta. Niliitika." Jina lenyewe hakulitaja hata siku moja. Marie lilikuwa la misheni. Mama yake aliitwa nani, hakujua; alimwita Mama, na huwezi kumtafuta mtu kwa jina hilo. Uhuru ulipokuja na masista wakafunga virago, alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuna kilima hata kimoja ambacho watu wake walimkumbuka, au walikubali kumkumbuka.

Mwanamke wa namna hiyo analeaje? Marie alilea kama bohari linavyotunza mali. Watoto walikaguliwa kucha, masikio, magoti. Walilishwa kwa wakati. Hawakukumbatiwa, wala hawakupigwa sana. Kitu kimoja tu walicheza naye, na yeye alikiita mchezo ingawa hakukuwa na wa kucheka: ghafla, mchana wowote, angesema "Gari!" na kila mtoto alitakiwa kutoweka kabla hajamaliza kupiga makofi matatu. Kisha angepita akiita majina, kwa sauti nzuri, yenye asali. Aliyeitika alilala njaa.

Colette aliitika mara moja maishani. Alikuwa na miaka mitano.

Walipokuja Durban, bibi alikuwa mzee na mchezo ulikuwa mzee zaidi. Colette angeweza kuuacha ufe. Lakini mwaka 2008 fujo za kuwafukuza wageni zikaja, na 2015 zikaja tena, na wakati huo wote mtu aliyejua kutoweka kwa makofi matatu alikuwa amemzidi jirani yake. Mwaka 2019, watu walipopita mtaani wakigonga milango ya wageni, Grâce alikuwa na miaka mitatu, na alikaa ndani ya gunia la ovaroli saa nne bila kutoa sauti. Bibi alimtoa, akampa biskuti. Ilikuwa mara ya kwanza Colette kuona mama yake akimpapasa mtoto kichwani. Kwa hiyo Jumanne hadi Jumamosi alikwenda Mobeni na Isipingo, akamwacha Grâce na bibi, na bibi akamfundisha alichokijua. Bibi alipofariki, mwaka 2022, mafundisho yalikuwa yamekamilika.

Tatizo ni kwamba Grâce ni mweusi kama Alain. Hakuwa na weupe wowote wa kufichwa. Masizi yalishapoteza kazi yake miaka sabini iliyopita, na bado mikono ya Colette iliyafuata chini ya sufuria kama deni.

*

Mwezi wa tano waliruhusiwa kuonana kwa mara ya kwanza. Nyumba ya watoto ilikuwa safi, ukuta wa njano, bustani yenye bembea. Mlezi, mwanamke mnene mchangamfu, akaita uani, "Thandi! Thandi, una mgeni!"

Grâce akatoka mbio.

"Anaitwa Grâce," akasema Colette.

"Eish, mama, tumejaribu. Ukimwita Grâce hageuki, utadhani kiziwi. Siku moja mtoto mwenzake kamwita Thandi kwa makosa, akaitika. Tukaona sharp, sawa, liwe hilo."

Walikaa kwenye benchi. Colette akamwinamia, akasema kwa sauti ya chini, "Na weye unaitika kwa jina haliko lako?"

"Bibi hakukataza ile," akasema Grâce.

Jibu lilikuwa sahihi kabisa. Colette alirudi na taxi mpaka Glenwood akiwa amelishika jibu hilo kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe ni wake.

Sia, msichana wa Moshi aliyekuwa akisomea uhasibu na kupanga chumba cha mbele, alimkuta amekaa uani, mbabula haijawashwa. Sia ndiye aliyemsaidia kusoma barua za mahakama tangu mwanzo.

"Shikamoo, mama Grâce."

Miaka yote hii Colette hakuwa amezoea salamu hiyo ya Kitanzania. "Asante," akajibu.

"Umekula?"

"Nitakula nini? Sia, kule mahakamani nitasema nini? Kila kitu nasema wanaandika, na kila kitu wanaandika kinakuwa kibaya."

"Umeshawaambia kwa nini ulimficha?"

"Nimesema niliogopa."

"Kila mtu anaogopa. Waambie habari za bibi."

Colette akasonya. "Ile haiko ya kuuza. Mama alinipa maneno matatu kwa miaka arobaini na tano, mi niende kuyamwaga mbele ya mutu sijui hata jina yake?"

"Mficha uchi hazai, mama. Wao wanaona gunia na masizi. Wanadhani mtoto anateswa. Usipowapa sababu, watajitungia yao."

"Na wakicheka?"

"Hawatacheka."

"Na mutu akisikia kama mama yangu aliitika..." Akachukua makaa, akayapanga kwenye mbabula moja moja, kwa uangalifu usiohitajika. Alikuwa akipiga bei kichwani. Bidhaa ilikuwa moja tu, haina ya pili, na mnunuzi alikuwa mmoja. Kwenye hali hiyo huna ujanja. Unafungua kitambaa, unaonyesha.

"Sawa," akasema. "Nitaisema yote. Lakini bei yake ni mutoto. Chini ya pale sishuki."

*

Mkalimani wa mahakama aliitwa Mwita, mtu wa Tarime, amevaa tai nyembamba na viatu vinavyong'aa. Walikutana kwenye benchi la ukumbini kabla ya kuingia.

"Mama, sema polepole," akamwambia. "Kiswahili chako kina kona nyingi."

"Na chako kimevaa tai," akasema Colette. "Utanifikisha lakini?"

"Nitakufikisha."

"Usiongeze, usipunguze. Nikikosea, acha nikosee."

Hakimu alikuwa mwanamke mwenye mvi fupi na miwani ya kusomea. Chumba hakikufanana na mahakama. Kilikuwa na meza ya kawaida, sanduku la karatasi za kufutia machozi, na doli moja kwenye rafu. Mama Ntombela alikaa upande mmoja na faili yake, ambayo sasa ilikuwa nene. Grâce hakuwepo chumbani. Alikuwa nje na mlezi.

Colette alisimulia. Alianza na karani wa barabara, akaenda na gari, masizi, kapu, jina. Alisimulia misheni, na mama yake kukagua kucha. Hakulia, kwa sababu alijua kilio humpa mteja nafasi ya kukuonea huruma bila kununua. Mwita alitafsiri sentensi kwa sentensi, na alipofika pale Marie anaitika, akaomba maji. Mama Ntombela aliacha kuandika. Hakimu alivua miwani.

Colette aliliona hilo la miwani. Ndani yake kitu kikasema: amekishika, anakipima mkononi.

"Nina maswali machache," akasema hakimu. "Huu mchezo, mtoto alifundishwa na bibi. Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ulimkataza?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Hapa angeweza kudanganya. Uongo ulikuwepo, umekunjwa vizuri, wa kipimo chake. Lakini alikuwa ameshaanza kuonyesha kasoro mwenyewe, na hakujua biashara ya kuonyesha nusu.

"Ilikuwa inafanya kazi," akasema.

Mwita akatafsiri. Hakimu akaandika neno moja.

"Siku ile, kati ya kuliona gari na kufunga gunia, ulipata nafasi ya kufikiri?"

"Hapana. Mikono ndiyo ilifanya."

"Na gari lingine likija kesho, lenye nembo, mtu ana faili, anaita jina la mtoto?"

"Nitafungua geti. Nitamkaribisha chai."

"Unaamini hivyo?"

Colette akatazama mikono yake. Ilikuwa juu ya meza, imetulia, kucha safi. Ilikuwa inamsikiliza kama wafanyakazi wanavyomsikiliza bosi ambaye wameshaamua kutomtii.

"Naamini," akasema, lakini alichelewa. Alichelewa kama mtu anavyochelewa kumwita mteja, na kila aliyekuwemo chumbani alikisikia kile kimya.

Hakimu alizungumza muda mrefu kidogo. Alisema kilichofanyiwa mama yake Colette kilikuwa uovu, na kwamba hata katika nchi hii watu wanajua maana ya serikali kuingia nyumbani kwako na orodha. Alisema hasemi haya kumlaumu. Kisha akasema, na Mwita akalitafsiri neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza:

"Nakuamini, mama. Ndiyo sababu siwezi kumrudisha."

Kama angekuwa mzazi mkatili, wangempeleka darasa la wazazi wakatili, miezi sita, cheti. Ila hili, hakimu alisema, ni jeraha lililopita mikono mitatu, na mtoto anayefundishwa kutojibu jina lake siku moja hatajibu akiitwa na daktari, au na mtu wa kumtoa kwenye moto. Mama anahitaji tiba. Mtoto anahitaji tiba. Miaka miwili, kuonana mara moja kwa mwezi, kisha tutatazama.

Karibu miaka ishirini ya biashara, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Colette mali yake kukataliwa kwa sababu ni halisi.

Hakuinuka. Alikuwa bado na mdomo. "Kuonana," akasema. "Mmesema mara moja kwa mwezi. Kila wiki."

"Nyumba haina waangalizi wa kutosha," akasema Mama Ntombela.

"Wiki mbili, basi. Jumamosi. Nitafunga meza yangu."

Hakimu akamtazama Mama Ntombela, Mama Ntombela akatazama magoti yake. "Wiki mbili inawezekana."

"Saa mbili nzima."

"Saa moja, mama."

"Saa moja na nusu."

"Saa moja."

Akaipata saa moja. Ukumbini Sia, aliyekuwa amemsindikiza, alimkumbatia, na Colette akasimama ndani ya mikono ya yule msichana kama fimbo, mpaka alipoachiwa.

Kuhusu tiba, ilikuwepo, kwa Kiingereza au kwa Kizulu. Ya Kiswahili haikuwepo. Akaandikwa kwenye orodha ya kusubiri mkalimani, na alipouliza ni ya watu wangapi, dada wa mapokezi akageuza ukurasa, akageuza mwingine.

*

Jumamosi ya kwanza Grâce alipomwona alimng'ang'ania kiunoni, na saa ilipoisha alilia, akapiga teke mlango, akakataa kula mpaka Jumatatu. Jumamosi ya pili ilikuwa hivyo hivyo, na zaidi. Ya tatu iliahirishwa. Barua ilisema kukutana na mama kunamvuruga mtoto, na kwamba hali ikiendelea hivi huenda ikabidi ziara zipunguzwe.

Jumamosi iliyofuata, mwishoni mwa mwezi wa nane, Colette alimkuta amekaa tayari kwenye benchi. Nywele zilikuwa zimesukwa na mtu mwingine, vizuri. Alipoinama kumshika, Grâce akasogea nyuma kidogo, bila hasira, kama mtu anayempisha mwenzake kitini.

"Kaa pale, mama."

"Pale wapi? Kuya hapa kwanza."

"Hapana. Kaa pale." Alimwonyesha kwa kidevu yule mwangalizi, kijana wa kike mwenye ubao wa kuandikia, aliyekaa chini ya dirisha na hakujua Kiswahili. "Nikilia, yule anaandika. Akiandika nimelia, hawakuachi ukuye. Niliona. Peguy mama yake alikuwa anakuya, Peguy alikuwa analia, sasa hakuyi tena."

"Nani amekufundisha ile?"

"Hakuna mutu. Niliona mwenyewe."

"Sasa tufanye nini?"

"Tukae tu. Usinishike, ukinishika nitalia. Tuongee mambo ya kawaida. Miaka miwili itaisha."

Alisema hivyo akitazama mbele, mdomo hauchezi sana, na Colette aliona ni mpango mzuri. Yeye mwenyewe asingepata bora. Alikaa upande wa pili wa benchi. Kati yao palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Waliongea mambo ya kawaida: chakula, hesabu, mtoto fulani aliyevunja jino. Grâce alichanganya Kizulu kila alipokosa neno, na alikuwa akilikosa mara nyingi kuliko mwezi wa tano. Hawakucheka kwa nguvu. Hawakulia. Mara moja mkono wa Colette ulianza safari yake kuelekea kwenye goti la mtoto, akaurudisha mapajani, akaukalia.

Robo saa kabla ya mwisho, mwangalizi aliinuka kwenda kufunga bomba lililokuwa likichirizika, ubao akauacha kitini. Colette akageuza shingo. Maandishi yalikuwa yameelekea dirishani, lakini hilo halikumsumbua. Ziara tulivu. Mtoto hajavurugika. Kisha mstari wa chini: hakuna dalili za ukaribu kati ya mama na mtoto, uhusiano wao uchunguzwe kabla ya kufikiria kuwarudisha pamoja.

Aliusoma mara mbili. Grâce alikuwa akimtazama kwa pembe ya jicho.

"Ameandika nini?" akanong'ona. "Ameandika muzuri?"

Colette alipima. Akimwambia, mtoto atamrukia shingoni, na atalia, na litaandikwa. Asipomwambia, watakaa hivi Jumamosi ijayo, na ile ya baadaye, wakizidi kujua kazi yao, mpaka siku moja isiwe tena kazi.

"Muzuri," akasema. "Ameandika muzuri sana."

Grâce akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaweka mikono yake miwili mapajani sawasawa na mama yake. Mwangalizi akarudi, akakaa, akachukua kalamu.

"Viatu vinakubana?" akauliza Colette.

"Havibani," akasema Grâce.